Majina ya Liévin Upande wa Mama

Clotilde alikuwa amesimama juu ya meza ya plastiki, ncha ya kitambaa katikati ya meno, akifunga kamba kwenye goli la kiwanja cha mtaa wa Bel-Air, alipomwona Papa Asani anakuja kichwa wazi. Asani ni fundi cherehani wa mtaa, Mwislamu wa asili ya Maniema, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona bila kofia. Clotilde akatoa kitambaa mdomoni, akacheka.

"Papa Asani! Leo kofia iko wapi? Mama Najma amekufukuza?"

Asani alishika mguu wa meza kwa mikono miwili. "Shuka kwanza, mama. Shuka polepole."

Hapo Clotilde akajua. Asubuhi ile Asani alikuwa amempelekea Liévin uji hospitali, na bakuli la uji bado lilikuwa kwenye mfuko begani mwake, limefunikwa, halijaguswa. Liévin, baba yake Clotilde, alikuwa amefariki saa kumi na mbili na nusu. Moyo ulichoka, basi. Kitambaa kilibaki kimefungwa upande mmoja, na maandishi yake, "Siku ya Ngoma na Rangi, Jumamosi hii", yakawa yanapigapiga nguzo kwa upepo wa mwezi wa nane.

Hakuna aliyehitaji kuitisha mkutano ili kuahirisha sikukuu ile. Ni sikukuu ya mtaa: vikundi vya ngoma vinacheza mpaka vumbi linafunika viatu, wachoraji wanatundika picha kwenye nyua za watu, wafua shaba wanagonga sahani zao mbele ya wote. Na kwa miaka kumi na tisa mfululizo aliyeifungua ni Liévin, kwa kasala, yaani kumwita mtu kwa majina yake ya sifa na ya wazee wake, kama walivyofanya Waluba wa kaskazini alikotoka baba yake kuja kufanya kazi ya reli.

Liévin mwenyewe alifanya kazi ya reli mpaka kustaafu, kisha akafungua kibanda cha baiskeli karibu na kiwanja. Ukimletea tairi lililotoboka, ulipata kiraka na sifa. Muuza makaa aliingia pale akisukuma baiskeli, akatoka akiwa "dume la mlimani lisiloogopa mteremko". Wengine walikuja na matairi mazima.

Alikuwa na utaratibu mmoja tu, na Bel-Air nzima iliujua: kwa furaha unaanza na ukoo wa baba, kwa kilio unaanza na ukoo wa mama. Mwaka mmoja, katika sikukuu, alikuwa ametoka kwenye vilio viwili ndani ya juma moja na kichwa chake hakijarudi. Akasimama mbele ya mkuu wa mtaa, akajaza kifua hewa, akaanza na upande wa mama. Akina mama wa mstari wa kwanza waliposikia, wakaweka mikono kichwani, wakapiga yowe. Mkuu wa mtaa, soda mkononi, alianza kujipapasa kifuani. Liévin alipogundua hakuacha, maana kasala haikatwi katikati. Aliita mpaka mwisho, mkuu akalilia kifo chake mwenyewe, kisha wote wakala pamoja. Tangu siku hiyo mkuu alikuwa akimsalimu, "Muzikaji wangu, habari?"

Sasa kilio kilikuwa nyumbani kwa Liévin, viti vimepangwa uani, na mazishi yamewekwa Jumamosi ileile. Tantine Albertine, yaani shangazi, dada wa marehemu kwa baba, alimaliza rozari, akabusu msalaba wake, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Na nani atamuita?"

"Padri atamwita," alisema Clotilde. "Atasema: mtumishi wako Liévin."

"Hilo jina la ubatizo iko muzuri, Mungu analijua. Lakini bantu bote ba Bel-Air, yee njo aliita majina yabo. Hata muuza makaa! Sasa mwenyewe aende kama barua haina anwani?"

"Basi umwite weye, tantine."

Albertine akavuta kanga yake begani. "Upande wa baba yetu, ninafika mpaka babu ya babu. Lakini kwa kilio unaanza na mama. Na mama yake haikuwa mama yangu. Mama zetu hawakusalimiana, hata mbele ya kanisa, siku ya Pasaka. Sifa zake nitazijulia wapi? Miye ninajua matusi yake tu."

Clotilde akampigia simu mwita-kasala wa mji wa Kipushi, jina lake Aristote, aliyesifika kwa sauti yake nzuri.

"Sauti iko tayari," alisema Aristote. "Nitumie majina kwa WhatsApp."

"Papa Aristote, majina yenyewe ndiyo tunayatafuta."

"Ah bon? Basi nitaweka ya mama yangu, nayo ni mazuri sana. Nani atajua?"

Albertine alimnyang'anya Clotilde simu, akaikata.

Walilipekua sanduku la vitu vya marehemu, wakapata daftari la shule. Ndani yake alikuwamo kila mtu: mkuu wa mtaa, mke wa fundi simu, hata mbwa wa jirani kwa mistari miwili. Clotilde alifungua kurasa zote, kisha akazirudia akilamba kidole. Jina la Liévin halikuwamo, wala la mama yake. Mwita-watu hajiiti. Clotilde alikaa sakafuni na daftari mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alilia kwa sauti. Baba yake alikuwa amemwambia mara ngapi, "Njoo nikufundishe", naye akajibu mara ngapi, "Papa, kesho"?

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Asani kuchukua suti ya mazishi. Liévin alikuwa amekonda, suti ilibidi ipunguzwe. Asani alikuwa ameinama, kofia imerudi kichwani, mguu unakanyaga pedali ya cherehani, na midomo yake inacheza. Clotilde alidhani ni dua. Akasogea. Yalikuwa maneno ya Kiluba.

"Papa Asani, unasema nini?"

"Ninashona."

"Unasema Kiluba!"

Asani akaacha kukanyaga, akafikiri. "Ah, hiyo? Ni ya baba yako. Alikuwa anakuja kujizoeza hapa, miaka makumi matatu, anafuata mwendo wa pedali. Bila hiyo mguu hauendi. Maana yake miye sijue."

"Irudie!"

Asani akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akakuna shingo, akatazama dari, hakuna. Alipokanyaga pedali, maneno yakaja yenyewe, mstari juu ya mstari. Clotilde akapiga simu kwa Albertine, naye akaja mbiombio, rozari ikiwa bado shingoni, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Mungu wangu," alisema. "Ni yeye. Ni Numbi, mama yake kabisa." Akaanza kufasiri: "Numbi, mwana wa Kabange. Kabange wa mapacha, aliyezaliwa wa pili akanyonya wa kwanza. Numbi, aliyevuka mto Lualaba na kuku watatu kichwani, akafika ng'ambo na kuku wanne..."

Albertine akaacha kufasiri. Macho yakamtoka.

"Kuku wane! Yule wa nne alikuwa wa mama yangu! Miaka yote tulimutafuta! Mama yangu aliingia kaburini akimutaja yule kuku!"

Asani akaacha kukanyaga, maneno yakakatika.

"Mustari huo hautapita kesho," alisema Albertine. "Sitasimama mbele ya padri nikisikia mwizi anasifiwa."

"Tantine, kasala haikatwi katikati."

Albertine akaketi juu ya rundo la vitambaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Clotilde hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipomsikia akipumua. Vilikuwa vyote viwili.

"Umwache," alisema mwishowe, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Kuku alishakufa, na benye kumugombania balishakufa. Asani, kanyaga."

Suti ilikwisha kabla ya saa tano, lakini Clotilde alikuwa bado hajashika hata nusu. Asani akaokota matambara, akayashona moja kwa jingine bila sababu, huku Clotilde akirudia nyuma yake na Albertine akimsahihisha. Kufikia adhuhuri walikuwa na utepe wa matambara uliotoka mlangoni mpaka barabarani. Asani akaenda kuswali, akarudi, akaendelea.

Jumamosi, baada ya misa, walimpeleka makaburini. Vikundi vya ngoma vilikuja bila ngoma, na wafua shaba walikuja na mashati meupe. Mkuu wa mtaa alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Padri alipomaliza kusoma na kubariki kaburi, alimpa Clotilde ishara. Clotilde akasimama miguuni pa jeneza, akaanza na upande wa mama. Akina mama waliweka mikono kichwani wakalia. Alimwita Kabange, akamwita Numbi, akakwama mara moja, na Albertine akamsogezea neno kwa sauti ndogo. Upande wa baba waliuita pamoja. Mwishoni Clotilde alisema, "Liévin", kisha akasogea kando.

Jeneza likashushwa kwa kamba. Familia ilitupa udongo kwanza, halafu marafiki, halafu wanaume wakachukua majembe. Asani alisimama pembeni, viganja wazi, akamwombea kimya. Kwaya iliimba mpaka udongo ukajaa. Wakasimika msalaba wenye jina lake na miaka yake, padri akasema sala ya mwisho, na watu wakanawa mikono getini, wakapanda magari kurudi Bel-Air.