Jina Lililovuliwa Irabu

Bibi yetu wa Mkunya, mama yake baba, aliandika majina yetu wajukuu juu ya mlango wa ndani kwa herufi za Kiarabu za chuoni alikosomea Kurani. Wino wake ulikuwa masizi na utomvu wa mkorosho. Kwanza aliandika herufi, kisha akatia irabu, vile vistari na vikunjo vya juu na chini vinavyoipa herufi sauti.

"Herufi mifupa," alikuwa akisema. "Irabu pumzi."

Mmoja wetu akifa, bibi alifuta irabu kwa kitambaa kibichi, akaziacha herufi. Jina hilo halikutamkwa tena nyumbani. Nilikua nikipita chini ya majina mawili ya namna hiyo, na sikuyapenda hata kidogo.

Serikali ilipofungua biashara ya nguo za nje, kaka yangu alikwenda Dar es Salaam kufuata marobota ya mitumba. Hakuleta barua wala salamu. Alasiri moja tulirudi kutoka kuokota korosho, tukakuta jina lake halina irabu.

"Mkono wangu haujagusa," bibi akasema.

Mimi mbishi. Nikasema ni mijusi tu.

"Mjusi gani anayechagua?"

Majirani wakaja, tukakaa matanga. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Nami nililia, ubishi wote ukaniisha.

Matanga yalipokwisha anuliwa, kaka akateremka kwenye lori na marobota yake, mnene, anacheka.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alimtazama sana kabla ya kuitikia, "Marahaba."

Mama akaenda kumpigia magoti mkwewe. "Mama, zirudishe irabu zake. Mtoto huyu hapa, mzima."

"Tumeshamlilia, mwanangu. Nikizirudisha, ataitika nani?"

Tangu hapo bibi alimwita "wewe", nasi tukamfuata. Mama ndiye hakuvumilia. Alitaka kumwita mwanawe kama mama yeyote anavyoita. Asubuhi moja bibi alikuwa shambani na ndani ya nyumba hamna mtu. Kaka alikuwa uani, anachambua mashati mbele yetu. Mama akavuta pumzi, akamwita kwa jina lake.

Kaka hakuinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imefumbwa, naapa, nilikuwa namwangalia.

"Naam, mama," sauti yake ikaitika kutoka ndani ya nyumba.

Mama akabaki katikati ya ua, hajui amwendee yupi.