Pancha baada ya Segese: siku mzee wangu alipokwenda kumshusha utingo wake

Wakuu, heshima mbele.

Mimi ni msomaji wa pembeni humu jukwaa la magari. Naingia, nacheka na ubishi wenu wa tairi jipya na tairi la mtumba, natoka kimya kimya. Leo na mimi nina la kwangu.

Ninayoandika yametokea kwangu na mzee wangu mzazi, sio chai. Wale wa "uzi bila picha ni batili", picha sina. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini sikutoa simu mfukoni.

Ni mrefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka apite, hatutagombana.

Tuanze na mzee. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika, enzi za pamba. Alizunguka vijiji vya Shinyanga na Kahama yote hadi Bukombe huko, anakusanya marobota, anapeleka kiwandani. Siku hizi amestaafu, tunaishi naye hapa Kahama, kazi yake kubwa ni kunikosoa ninavyoendesha.

Utingo wake aliitwa Bundala.

Kwa vijana ambao hawajui, utingo sio konda. Utingo anakaa nyuma juu ya mzigo, jua lake na vumbi lake. Lori likisimama yeye ndiye wa kwanza kuruka chini, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anagonga tairi moja moja kusikiliza upepo, anatafuta maji ya rejeta. Dereva bila utingo hakuwa dereva, alikuwa abiria mwenye usukani.

Mimi wakati wa likizo nilikuwa napanda nao. Naweza kusema yale ndiyo maisha matamu kuliko yote niliyowahi kuishi, na sikulipia hata nauli.

Tairi zilikuwa za tyubu, zimeisha mpaka nyuzi zinachungulia. Pancha ilikuwa sehemu ya ratiba. Likipasuka, hakuna aliyenuna. Bundala anafungua, mzee anasugua tyubu na kubandika kiraka, halafu wanapokezana pampu ya mkono huku wanaimba Kisukuma. Wimbo ukiisha na tairi limejaa.

Viraka vikiisha kabisa, walikuwa wanakata majani na kuyashindilia ndani ya tairi mpaka likae duara, wanatembea polepole hadi kijiji cha mbele. Msicheke. Tumefika salama na tairi la majani mara nyingi tu. Ila likichemka linaanza kufuka moshi, na mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi yanayoungua shambani kwa mtu, nawakumbuka wale wawili.

Na watu walikuwa watu, wakuu. Lori likiharibika karibu na mji wa mtu, haujapita muda unaona mama anakuja na sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mwingine na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hawawajui. Wanasema tu hamwezi kutengeneza gari na njaa.

Sasa kulikuwa na desturi ya matawi. Hii wazee wa barabarani mnaifahamu. Gari likiharibika unakata matawi unayalaza barabarani, nyuma na mbele ya gari, ili anayekuja apunguze mwendo. Na akipunguza, anasimama. Kupita matawi bila kuuliza "mhola?", yaani habari zenu, ilikuwa aibu, habari zako zitafika mnadani kabla yako.

Mzee na Bundala walikuwa na namna yao ya kuyalaza. Shina lililokatwa linaelekea upande lilipo gari bovu, majani yanaelekea upande wa kupita. Dereva anayekuja akiangalia tu anajua apite wapi. Walikuwa wakali kweli kwenye hilo. Niliwahi kulaza tawi kinyume, Bundala akaja akaligeuza mwenyewe, akanipa mhindi wa kuchoma.

Basi. Majuzi hapa Bundala akafariki, hospitali ya hapa hapa Kahama. Alikuwa ameugua muda.

Nilimwambia mzee asubuhi, akiwa anakunywa uji. Aliweka kikombe chini. Baadaye akaniuliza mwili unaondoka saa ngapi. Nikamwambia mchana, watazika kwao, mbele ya Segese kama unaelekea Bugarama, unaacha barabara kubwa unaingia ndani.

Akasema, "Tutangulie. Lazima nimshushe mimi."

Kumbe walikuwa na makubaliano yao ya siku nyingi. Atakayetangulia kufa, aliyebaki ndiye atakayemshusha kwenye gari siku anarudishwa nyumbani. Sio mtoto wala wa ukoo, ni yule aliyesafiri naye. Mzee alitaka awe ameshasimama uani gari la mwili likiingia, maana alijua vijana wa ukoo hawatamsubiri.

Tukaondoka mapema, mimi na yeye tu.

Segese tulipita salama. Mbele kidogo, kipande cha vumbi, kuna malori yanayosomba mawe ya dhahabu kutoka machimboni kwenda kusagwa kwenye makarasha. Mnayajua, yanajazwa mpaka juu, yanadondosha njiani. Lile jiwe jeupe likivunjika linakuwa kali kama chupa. Nililiona nikiwa nimeshafika.

Tairi la nyuma kushoto likachanwa ubavuni. Wakuu, tairi likichanika ubavuni hakuna cha kuchomeka uzi wala cha kiraka, hilo limekufa.

Sikuwa na wasiwasi. Spea ninayo, ina upepo, nilipima wiki ile ile. Jeki ninayo. Nikashuka kwa madaha kabisa.

Nati zikagoma.

Fundi aliyenifungia tairi mara ya mwisho alitumia ile mashine ya upepo, akazikaza mpaka mwisho wa uwezo wa mashine. Mimi nina kile kispana kifupi kinachokuja na gari. Nilikikanyaga kwa mguu, nikapanda juu yake, nikaruka. Nati moja ikaanza kuliwa kingo. Nikaacha kabla sijaharibu zote.

Nikampigia fundi wa Segese. Akasema, "Nipo njiani, bosi." Wenye magari mnaijua hiyo njia yao. Nadhani hadi leo bado yupo njiani.

Nikasema basi niwapigie wafiwa, watume mtu. Mzee akakataa katakata. Akasema mfiwa hapigiwi simu ya pancha.

Nilipogeuka nikamkuta ameshachukua panga kwenye buti. Anakata matawi.

Hapa ndipo nilipochoka. Enzi za pamba, tawi barabarani maana yake kuna mwenzako ana shida. Huku kwetu sasa hivi, ukanda huu wa dhahabu, watu wanatembea na fedha za wanunuzi. Tawi barabarani maana yake watekaji. Dereva akiona matawi hapunguzi, anaongeza.

Nilimwambia mzee tutumie pembe tatu ile ya kuakisi, inatosha. Akaniangalia kama nimetukana. Akaendelea kulaza matawi yake, shina huku, majani kule, anarudi nyuma anatazama, anarekebisha.

Ikaja Noah. Ikafunga vioo vyote, ikapita kwa kasi, vumbi lote likabaki kwetu.

Ikaja pikapu. Hiyo nayo.

Ikaja bodaboda, nikapata matumaini, nikasema mzee apande atangulie. Bodaboda alipunguza vizuri kabisa, halafu akaona kuna mzee amesimama pembeni ya matawi ameshika panga. Yule kijana aligeuza pikipiki kama ya mashindano. Nikamwomba mzee afiche panga. Akauliza alifichie nini, yeye sio mwizi.

Nilitaka kucheka, ila nilipomtazama usoni nikaacha. Alikuwa anaangalia jua. Muda wa mwili kutoka hospitali ulikuwa umeshapita, na sisi bado tupo pale. Akakaa kwenye jiwe, kofia mkononi. Akasema polepole, kama anaongea na mwingine, "Nitamwambia nini?"

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina watoto. Kumwona baba yako amekaa kwenye vumbi hajui la kufanya ni kitu kinauma sana.

Ndipo tukaona vumbi kubwa linakuja kutoka Segese. Gari la mbele ni pikapu, limewasha taa, lina kitambaa cheupe. Nyuma yake Coaster, nyuma tena Fuso imejaa vijana.

Ulikuwa msafara wa Bundala.

 Maana yake tumechelewa, mwili unatupita. Na mnajua msafara wenye mwili hausimami hovyo njiani, wazee wanakataza. Mzee alisimama, akavua kofia. Nadhani alishakubali kwamba atamuaga pale pale barabarani.

Gari la mbele likapunguza. Likapunguza zaidi. Likasimama.

Akashuka mwanamke mwenye kanga amejifunga kiunoni. Alikuwa Kabula, binti mkubwa wa Bundala, sikuwa nimemwona tangu tukiwa watoto. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Mnasimamaje na mwili?"

Akasema dereva alitaka kupita kwa kasi, akiogopa watekaji. Yeye ndiye aliyemshika mkono asimame.

"Nimeona mashina yote yamelazwa upande wa gari. Baba alikuwa anatuonyesha nyumbani kwa vijiti vya kuni. Alisema ukikuta hivi usipite, ni watu wangu."

Mzee alimshika yule binti kichwani, akabaki amemshika hivyo. 

Vijana wa Fuso walishuka na spana ndefu ya lori na bomba la chuma. Walivyochomeka bomba kwenye spana, zile nati zilizonitoa jasho zililia mara moja tu zikaachia. Hata ile iliyoliwa waliigongea spana ikashika, ikatoka. Tukafunga spea. Msafara mzima unasubiri, kina mama kwenye Coaster wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Nikamwambia mzee apande tuondoke. Akawa ameshakwenda kwenye gari la mwili, ile pikapu ya mbele. Kabula akamfungulia mlango wa mbele, akampisha kiti chake.

Mzee akakataa. Akazunguka nyuma. Vijana wakamnyanyua, akakaa juu pembeni ya jeneza, mkono mmoja ameshika ukingo wa gari, mwingine ameuweka juu ya jeneza.

Akasema, "Twende. Leo utingo ni mimi."

Nikaendesha nyuma yao. Vumbi lote la njia ile lilimpiga mzee wangu, na kila penye shimo namwona anainama kulizuia jeneza lisirushwe. Machozi yalinishinda.

Tulipofika uani, vijana wa ukoo wakaja mbio kushusha. Mjomba wa Kabula akamwambia mzee kwa heshima tu asogee, waachie wenye nguvu.

Mzee hakusogea. Akasema, "Huyu nilimpandisha mimi kwenye gari, akiwa hana hata viatu. Nitamshusha mimi."

 Yule mjomba akarudi nyuma mwenyewe. Vijana wakabeba uzito, mzee akashika upande wa kichwa. Walipokuwa wanashusha nilikuwa karibu, nikamsikia anamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumefika, Bundala. Shuka."

Ndiyo maana sina picha.

Sasa nisionekane nimewaliza tu, hili ni jukwaa la magari.

Ukitoka kwa fundi wa matairi, nati zako zilegeze na uzikaze upya kwa spana yako mwenyewe, pale pale kwake. Usipoweza pale kwenye kivuli hutaweza porini. Tembea na spana ya msalaba na kipande cha bomba. Upepo pima asubuhi tairi likiwa limepoa, na spea uipime pia, sio inakaa nyuma kama mgeni. Huku kwetu kwenye malori ya mawe, acha nafasi na ukague ubavu wa tairi, watu wengi wanaangalia kashata tu, yale meno yanayokanyaga barabara. Na kuhusu matawi, tumieni pembe tatu ya kuakisi, siwadanganyi, matawi siku hizi yanakimbiza watu. Na panga liacheni kwenye buti.

Hayo ya tairi ndiyo niliyojifunza. Lingine sijui niliite somo au nini.

Jioni tukirudi tukafika pale tulipoharibikiwa. Matawi bado yapo pembeni, yameanza kunyauka. Akaniambia, "Wazima wote walitupita. Aliyesimama ni Bundala."

 Niambieni ukweli wakuu, bila kujisafisha: ungekuwa wewe kwenye ile Noah, umeona matawi na mzee ana panga, ungesimama?

Na wenye wazee wao wa enzi za malori, wekeni habari zao hapa chini. Nitamsomea mzee zote.