Akiba Tuliyoificha

Mimi ndiye niliyesema tuandike hatuna.

Mume wangu alikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi mjini Doha, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Mimi nilifanya usafi hotelini. Tulikuwa tumeomba ukaazi wa kudumu Kanada, na akiba tuliyoonyesha kwenye maombi ilitakiwa ikae benki bila kuguswa hadi majibu yatoke. Nikishalipia chumba chetu cha mtaa wa Al Mansoura na karo ya mtoto tuliyemwacha kwa mama yangu, cha kununulia chakula hakikubaki.

Kikundi kimoja cha Wakenya kilikuwa kikiwapa chakula waliopoteza kazi. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Kwenye swali la akiba, mume wangu alisita.

"Hapa tuseme nini?"

"Andika hatuna. Kwani ile pesa ni yetu? Ile ni ya Kanada."

Aliandika, lakini hakunitazama.

Basi kila Ijumaa nikawa naenda kupokea mfuko kwenye chumba cha kikundi, ghorofani. Aliyegawa alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa nyumbani, na Ijumaa ndiyo siku pekee aliyopumzika. "Mzee amepata kazi?" alikuwa akiniuliza. Nikisema bado, ananiongezea sukari.

Ijumaa ya nne, nikiwa nimeshapokea, waliingia wanaume watatu kutoka kambi za vibarua wa ujenzi huko Industrial Area. Kampuni yao ilikuwa haijawalipa kwa miezi. Mifuko ilikuwa imekwisha.

"Ndugu zangu, mnisamehe, leo nimeishiwa," mama akawaambia. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa bado mlangoni. "Kuna anayeweza kugawana na hawa?"

Mwanamke mmoja mjamzito akafungua mfuko wake, akatoa mchele. Mimi niliukumbatia wangu nikashuka ngazi.

Jioni nilisonga ugali, tukaketi kula. Nikamsimulia mume wangu. Akanawa mikono kabla hajashiba.

"Hata kidogo hukuwapa?"

"Hata kidogo."

Ijumaa iliyofuata tulienda wote wawili, nikamweleza yule mama ukweli wote. Nilitamani anigombeze. Alifunga mfuko mmoja, akafunga wa pili.

"Huu unga nami huwa nauchangia," alisema hatimaye. "Kwa mshahara wangu huu huu." Akasogea kwenye benchi. "Keti, unisaidie kufunga."

Tukafunga mifuko kila Ijumaa hadi majibu yalipotoka, bila kuchukua wetu. Mume wangu alipata kibarua cha kuosha magari, tukala maharagwe kila siku. Ukaazi ulipotoka, tulirudisha vyote tulivyochukua na kuzidisha.

Wale wanaume niliwaulizia mara nyingi. Nikaambiwa wamehamishwa kambi, hakuna aliyejua wapi. Hata ningekutana nao leo nisingewatambua. Siku ile nilipita katikati yao nimeinamisha kichwa, na nilichokiona ni viatu vyao tu, vimejaa vumbi la saruji.