Viini Kumi na Kimoja

Jirani alimjia mama kijana na povu la sabuni mikononi. "Shoga, shangazi yako kachanganyikiwa. Tangu asubuhi kaikodolea macho kompyuta ya shule kama kuku anayeatamia. Mwalimu mkuu kasema ripoti za watoto zisipochapishwa kufikia saa sita, kazi anapewa fundi mwingine."

Mama kijana akamfunga mwanawe mgongoni, huyo, mpaka ofisini.

Shangazi alikuwa amevua viatu, chai imepoa hadi ikafanya utando.

"Karibu, mama mtoto. Usiguse waya."

"Kwani ina nini?"

"Imeshiba. Kila ikisasishwa inaletewa kiini kipya, kile kinachoiamsha, na cha zamani hakiondoki. Vimelundikana kumi na vitatu, diski imejaa pomoni. Naiachia kinachofanya kazi na kimoja cha akiba. Kumi na kimoja, nje."

"Si uvitoe kwa mkupuo?"

"Nimeiamuru hivyo. Yenyewe inatoa kimoja, inapumua, inajipanga upya, ndipo inashika kingine. Uzee, mwanangu. Hata mimi nikiinuka kitini ni hivyo hivyo."

Wakacheka. Kiini cha nne kikatoka. Cha tano kikang'ang'ana kama mgeni aliyeonja mchuzi. Dakika sita, mstari kwenye skrini haujasogea hata unywele.

Karani wa shule akachungulia mlangoni. "Imeganda hiyo. Zima, uwashe." Mkono tayari uko kwenye swichi.

Shangazi akajitupa mbele yake. "Ukiikatiza hapa haiamki tena!"

"Kaka," mama kijana akasema kwa upole, "ukiwa kwa kinyozi, nikuite umenyolewa nusu ya kichwa?"

Karani akajipapasa utosini, akarudi alikotoka. Wale wawili wakashikana mabega, kicheko wamekibana midomoni mtoto asiamke, machozi yanawatoka. Walipojifuta macho, mstari ulikuwa kwenye kiini cha sita. Saba. Wakaanza kuhesabu kwa kunong'ona, kila namba na kicheko chake.

Saa sita kasorobo, cha kumi na kimoja kikatoka. Shangazi akaiwasha upya. Skrini ikawa nyeusi, nyeusi kabisa, na hakuna aliyecheka. Kisha majina ya wanafunzi yakajipanga, na printa ikakohoa ripoti ya kwanza, ya moto kama chapati.

Shangazi akaketi sakafuni, anatetemeka kwa kicheko.

"Mwanangu, nipelekee hii kwa mwalimu mkuu. Mimi magoti yamegoma."