Mpiga pasi anayewafundisha maofisa kuuliza

Saa nne asubuhi, mama mpiga pasi anamwaga makaa ya pasi yake na kufunga kibanda. Wateja hawashangai. Leo Alhamisi, na kila Alhamisi yeye ni mwalimu.

Chuoni wanamsubiri maofisa watarajiwa thelathini wa ustawi wa jamii. Anamwita mmoja, anamkalisha mbele ya wenzake, anashika fomu ya kuombea msaada wa masomo na kupaza sauti:

"Una kifafa? Ukianguka unajikojolea?"

Darasa linacheka. Aliyeketi mbele hacheki.

"Enhe! Ndivyo alivyoulizwa binti yangu, pale dirishani, ofisi ya ustawi, foleni nzima imetega masikio," anasema. "Alikimbia hadi nyumbani."

Miaka miwili sasa. Binti, mwenye miaka kumi na tisa, anataka kusomea ufundi wa simu, lakini fomu yake iliishia pale pale. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Mama akigusia tu, jibu ni lile lile: "Niache, mama. Siendi kuanikwa tena."

Mama alikwenda kulalamika, akaishia kuingizwa kwenye kamati ya watumiaji wa huduma. Kuingizwa si kusikilizwa.

"Walituita tupige makofi tu. Mambo yameshapikwa, sisi tunapakuliwa!" anasema, akicheka kwa uchungu. "Nikagoma kusaini mahudhurio. Nikawaambia sahihi yangu si pambo."

Ilichukua vikao vinane hadi wakamsikiliza, na chuo kikamwomba afundishe. Mchana huu kamati inapiga kura: maswali ya siri yaulizwe chumbani, mlango umefungwa, na mwombaji achague nani awepo. Tisa wanakubali, wawili wanakataa.

Mimi, mwandishi niliyefuatana naye tangu asubuhi, nilitarajia vigelegele. Yeye anauliza tu, "Kuanzia lini?"

"Jumatatu," anajibu mwenyekiti.

Hapo ndipo anapojifuta machozi kwa upindo wa kanga, bila kujificha.

Nyumbani, binti amekaa kibarazani, simu ya jirani imefunguliwa mapajani. Mama anamweleza yote, tena kwa haraka, kama anayeogopa kukatizwa. Binti anaendelea kukaza skrubu.

"Utaingia na mimi?" anauliza hatimaye.

"Utakavyo wewe, mwanangu. Ndicho tulichopigania."

Binti anaweka bisibisi chini.

"Basi nisindikize tu Jumatatu. Ndani nitajibu mwenyewe."