Maombi Yangu kwa Batu ya Meli

Banangu, niseme mwenyewe, kabla mujukulu wangu Kavira abaambie. Alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho ku université, hapa Butembo, mbele ya baprofesa. Akianguka mutihani, anarudilia mwaka. Ku écran, ile kioo ya picha ku ukuta, moteri kubwa ya meli ikaanza kutetemeka, ikakuwa nyekundu. Kavira akasema bila woga: « Sasa itapasuka. »

Mimi niliona Kambale na Muhindo, bavuvi ba kwetu, banatupwa mu ziwa ku Kyavinyonge sababu ya moteri ndogo tu ya mutumbwi kupasuka! Nikasimama: « Tuombe! Kavira, nipe majina ya batu bako ndani. » Kwetu hatuombee mutu bila kutaja jina. Batu bote mu salle bakasimama, vichwa chini.

« Koko, » Kavira akasema, « hapana mutu ndani. Hata meli hapana. Ni hesabu na picha ya ordinateri, hii kompyuta tu. »

Nikafungua macho. Profesa mukubwa alikuwa angali amefunga yake, anasema: « Amina. »