Matumizi ya Poda kwa Mzee Wiebusch

Kazi ya Gudrun Hackländer katika kiwanda chetu cha poda ya kemikali, hapa Wuppertal, Ujerumani, ilikuwa kuuliza swali moja kutwa nzima: "Poda yetu mnaitumia kufanyia nini?" Sheria inataka kila mtengenezaji wa kemikali aiandikishe pamoja na matumizi yake yote, na matumizi yasiyoandikishwa ni marufuku. Wateja walimkatia simu, wengine wakamfokea. Jioni alirudi nyumbani hoi, mumewe akimuuliza lolote wanagombana.

Hatimaye wote walijibu, akabaki Mzee Wiebusch, mwenye karakana ndogo ya vigae vya rangi.

"Siri ya kazi hiyo, binti yangu," ndilo lilikuwa jibu lake kila akipigiwa.

Mwishowe Gudrun akapanda lori langu, maana mzigo wa mzee huwa napeleka mimi.

"Leo atasema," akaniambia, "la sivyo simuuzii hata kijiko."

Mzee alitupokea kwa kahawa na keki ya tufaha, kama anavyonipokea siku zote. Gudrun hakugusa kitu, akapitiliza hadi karakanani. Mimi huwa nashushia mlangoni tu, kwa hiyo hata mimi nilishangaa. Mapipa ya poda niliyomletea miaka yote yalikuwa mle, hakuna hata moja lililofunguliwa. Tanuri lilikuwa limejaa utando wa buibui.

"Mzee, mbona unanitesa?" Gudrun aliuliza, sauti imemwishia. "Sasa niandike unaitumia kufanyia nini?"

Mzee akatazama viatu vyake, kisha akaninyooshea kidole.

"Nisipoagiza, huyu hatakuja."